Anayeuacha mchezo naye aheshimiwe

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa Kiswahili insha yenye mada ya maneno mawili tu: "Mchezo Niliouacha". Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu, mtu wa makamo na mwenye heshima zake, aliiona mada hiyo katika daftari langu la maandalizi, akatikisa kichwa na kuniuliza iwapo nimeishiwa. Mbona nisiwape "Umuhimu wa Kilimo" au "Madhara ya Dawa za Kulevya", mada zilizoandikiwa tangu enzi za wazazi wetu na ambazo hazijawahi kumshangaza mtahini yeyote? Nilicheka tu. Jibu la haraka sikuwa nalo, na jibu la taratibu ndilo hili ninalomwomba msomaji anivumilie nilitoe.

Shule yetu iko Soin. Mgeni akitajiwa Kaunti ya Kericho huona akilini mwake zulia la majani ya chai, mvua ya alasiri na wachumaji waliobeba vikapu mgongoni. Hayo yako juu. Wakipsigis tangu jadi huigawa nchi yao pande mbili: mosop, nyanda za juu zenye baridi, na soin, nyanda za chini zenye joto. Sisi ndio wa chini, watu wa mahindi, miwa na ng'ombe, tunaotazamana na uwanda wa Nyando, na jua letu halina adabu. Nayasema haya kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba michezo ya mtandaoni ni maradhi ya Nairobi na Mombasa, na kwamba mtoto wa mashambani yu salama alimradi kuna ndama wa kuchungwa. La hasha. Karibu na shule yetu kuna kilima ambacho mtandao hukamata vyema kuliko mahali pengine popote. Jioni za likizo utawaona vijana kumi au kumi na watano wameketi juu ya mawe, vichwa vimeinama, kimya kama watu waliofiwa. Ndama wenyewe wanajilisha huko bondeni.

Lakini kabla sijawahukumu wa kilimani, haki inanidai nijihukumu mwenyewe.

Machi 2020 serikali ilipozifunga shule zote kwa sababu ya korona, nilikuwa nyumbani na mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ambaye shule yake ya bweni ilikuwa imemrudisha. Siku za kwanza tulilima. Tulipomaliza kulima tukawa tunatazamana. Ndipo kijana akaichukua rununu yangu, akapakua mchezo fulani na kunifundisha kuucheza. Jina lake sitalitaja, maana sina ugomvi na waliouunda wala sina nia ya kuwapigia debe. Ni mchezo wa kujenga kijiji: unachimba dhahabu, unazungusha ukuta, unafunza askari, kisha unavamia vijiji vya wengine nao wanavamia chako. Wachezaji hujiunga katika koo za watu hamsini hamsini, na koo hupigana vita. Katika kila vita mchezaji hupewa mashambulizi mawili na saa ishirini na nne za kuyatekeleza. Ukikosa, ukoo mzima unajua ni nani aliyekosa.

Ukoo wetu ulikuwa na muuza vipuri wa Kisii, dereva wa lori wa Mombasa, wanafunzi wawili wa chuo kutoka Mwanza na Mkenya mwenzetu aliyekuwa mlinzi huko Doha. Mimi walinipa jina la "Mwalimu" na baada ya miezi kadhaa wakanipandisha cheo nikawa naibu wa kiongozi. Msomaji atanicheka, na ana haki, lakini nakiri kwamba cheo kile kilinipendeza kuliko baadhi ya vyeo nilivyowahi kupewa shuleni. Kilikuja na shukrani. Walimu wangapi hushukuriwa kila baada ya siku mbili?

Shule zikafunguliwa kwa madarasa yote Januari 2021. Mpwa wangu akarudi bwenini, mimi nikarudi darasani, na rununu ikaja nami. Niliamka saa tisa za usiku kushambulia. Nilisahihisha karatasi za mtihani wa majaribio kwa jicho moja. Sikuwahi kukosa kipindi, nalisema hili si kwa kujitetea bali kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndivyo wengi wetu tulivyo: hatuangamii, twapungua tu.

Kisha ikafika Jumamosi moja ya Julai 2023. Nilikuwa nimepanda kwa mama yangu, ambaye shamba lake dogo la chai liko juu, upande wa Belgut. Chai haina subira. Yale majani mawili na chipukizi yasipochumwa kwa wakati hukomaa yakawa magumu, na karani wa kituo cha kununulia huyakataa bila kupepesa macho. Mama alikuwa akiharakisha lori la kiwanda lisije likamwacha. Mara rununu ikalia mfukoni mwangu: vita vimebakiza saa mbili, na Mwalimu hajashambulia. Nikasimama katikati ya mistari ya chai, nikavamia kijiji cha mtu nisiyemjua, nikakiteketeza chote na kupata nyota tatu, ambazo ndizo nyingi kabisa. Nikaingoja furaha ije. Haikuja. Mama akainua kichwa akaniuliza, "Ni nani huyo anayekusumbua?" Nikamjibu, "Ni kazi tu, mama."

Neno lile likanishtua mimi mwenyewe. Sikuwa nimemdanganya.

Hapo ndipo mchezo ulipoisha kwangu. Hata hivyo, niliendelea kuucheza kwa miezi mitano mingine, na ni hiyo miezi mitano ninayotaka tuizungumze, kwa kuwa ile miaka mitatu ya kabla yake haina siri yoyote: nilicheza kwa sababu nilipenda. Iweje basi mtu aendelee na jambo ambalo halimpi tena chochote, wala hakuna aliyemshikia bakora?

Jibu moja nililipata mahali ambapo sikulitarajia, nalo ni katika methali zetu. Sisi walimu wa Kiswahili huwalisha watoto methali za subira asubuhi na jioni. Mvumilivu hula mbivu. Haba na haba hujaza kibaba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni methali njema, na bila ya hizo hakuna mtoto ambaye angemaliza ufahamu wa kurasa tatu. Lakini hebu uutazame mchezo wa mtandaoni kwa makini. Umeundwa juu ya maadili hayo hayo. Ukuta mmoja unajengwa kwa wiki nzima. Zawadi ya leo ni ndogo, ya siku ya saba ni kubwa, na ukiruka siku moja unaanza upya. Mwanafunzi mwenye bidii na uvumilivu, yule tunayemsifu mbele ya wazazi, ndiye anayefaa zaidi kunaswa humo, ilhali yule mzembe asiyedumu na jambo lolote huchoka baada ya siku nne akaenda zake. Tumewafundisha watoto kushikilia. Kuachilia hatukuwafundisha, na lugha yetu ina methali za kutosha za upande huo pia.

Wenye umri wangu watakumbuka FarmVille, mchezo wa shamba ambao kampuni ya Zynga iliuzindua katika Facebook mwaka wa 2009. Mtu alipanda mazao kwa kidole, na mazao yalikuwa na saa zake. Zabibu za Kizungu zile tuziitazo stroberi ziliiva kwa saa nne, na usiporudi kuzivuna kwa wakati zilinyauka ukapoteza gharama yako. Kufikia mwaka wa 2010 mchezo huo ulikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Niliwahi kumwona karani mmoja katika chumba cha tarakilishi mjini Kericho akilipia dakika za mtandao ili akavune mazao yasiyolika, na kwao kuna ekari mbili za mahindi zilizomezwa na magugu. Tarehe 31 Desemba 2020 FarmVille ile ya kwanza ilifungwa, kwa kuwa programu ya Flash iliyoubeba mchezo huo ilikuwa imefika mwisho wake. Mashamba yote, ya waliovumilia na ya waliozembea, yakatoweka usiku mmoja. Hakuna aliyepewa hata mche.

Bao la Kiswahili, kwa kulinganisha, lina mashimo 32 na kete 64, na mchezo hufika ukomo: safu ya mbele ya mmoja inapobaki tupu, au asipokuwa na hatua ya kucheza, amefungwa, na kila mtu huliona hilo. Wazee wa Lamu na Unguja wanaweza kulicheza kila jioni ya maisha yao na bado kila jioni mchezo ukawaachia wenyewe waende kuswali na kula. Kandanda ni dakika tisini na firimbi. Hata drafti inayochezwa kwa vizibo vya soda nje ya duka la sokoni ina mshindi, na mshindwa humpisha mwingine. Mchezo wa mtandaoni hauna firimbi. Ukifika ngazi ya juu kabisa, wenyewe wanaongeza ngazi nyingine. Kwa hiyo anayesubiri mchezo umwambie "basi" atasubiri hadi aote mvi, na hili nadhani ndilo tofauti kubwa kuliko zote kati ya burudani za wazee wetu na za watoto wetu. Zamani mchezo ulimwacha mtu. Siku hizi ni lazima mtu auache mchezo, na kazi hiyo hakuna aliyetuandaa kuifanya.

Mwalimu wa lugha hawezi kulipita neno "kuacha" bila kulinyambua. Aachaye ni mmoja, aachishwaye ni mwingine. Mtoto huachishwa ziwa, na bibi zetu walijua kwamba anayeachishwa kabla ya wakati hulilia usiku, ilhali anayeacha mwenyewe kwa kuwa amegundua ugali hulisahau ziwa mchana huo huo. Serikali na shule zimekuwa hodari wa kuachisha. Korea Kusini ilipitisha sheria mwaka wa 2011 ya kuwazuia watoto walio chini ya umri wa miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 2021, serikali hiyo hiyo ikatangaza kuifuta. Mwaka huo huo China ikaamuru kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu za usiku, tena Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na siku za sikukuu. Hapa kwetu hatuna haja ya amri kama hizo, kwa kuwa shule za bweni hazimruhusu mwanafunzi kuwa na rununu, na muhula ni wiki nyingi. Mtoto wa Kenya huachishwa mara tatu kwa mwaka bila bunge kukaa.

Je, hilo linamfundisha kuacha? Kisa cha mpwa wangu kinanifanya nisite.

Mwaka wa 2022, katika muhula wa pili, ukoo wetu uliweka kanuni kwamba yeyote asiyeonekana kwa siku saba aondolewe, ili nafasi yake ichukuliwe na anayepigana. Orodha ililetwa kwa manaibu. Jina la mpwa wangu lilikuwemo. Nilijua fika yuko wapi: yuko bwenini, anasoma Kemia. Nami nilimwondoa. Kwa kidole changu, mimi mjomba wake, ambaye ni yeye aliyenifundisha kucheza. Nilijiambia kanuni ni kanuni. Alipokuja likizo ya Agosti aliifungua rununu, akatazama, akaniangalia, hakusema neno. Wala hakuomba kurudi. Nilijifanya sijaona, na kwa mwaka mmoja na zaidi jambo lile lilikaa kati yetu kama mfupa wa samaki kooni.

Nilipouacha mchezo Desemba 2023, yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Tulikuwa tunatengeneza ua. Nikamwomba radhi kwa kumfukuza. Akaanza kucheka hadi akaweka nyundo chini. "Mjomba," akasema, "siku ile nilifurahi. Nilikuwa nimeuchoka mchezo tangu shule zilipofunguliwa. Nilikuwa nikiucheza wakati wa likizo kwa ajili yako, usije ukajiona mpweke."

Msomaji mwenzangu, nami ndivyo nilivyokuwa nikijiambia! Mwaka mzima nilishikilia ukoo ule nikidhani namwekea kijana mahali pa kurudia akifunga shule. Watu wawili chini ya paa moja, kila mmoja amechoka, kila mmoja anaendelea kwa ajili ya mwenzake, na hakuna anayethubutu kusema, kwa sababu kusema "nimechoka na jambo tulilolianza pamoja" katika mila zetu kunafanana na kusema "nimechoka nawe".

Ndiyo maana nasema suala hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka wa 2019 kuutambua uraibu wa michezo hii kuwa maradhi, na orodha yenye maradhi hayo ikaanza kutumika Januari 2022. Lakini wataalamu hao walikuwa waangalifu. Hawamwiti mtu mgonjwa kwa kuwa anacheza sana. Mgonjwa ni yule aliyeshindwa kujizuia, ambaye mchezo umeyapiku mambo mengine yote ya maisha yake, anaendelea hata baada ya kuona madhara, na aghalabu hali hiyo imedumu kwa miezi kumi na miwili au zaidi. Wachezaji walio wengi hawako humo. Wengi hupenda, hupoa, na mwisho huchoka kama watu wanavyochoka na mambo yote. Basi sisi tukiwaendea wote kwa hotuba ya uraibu tunawapita mbali. Kijana aliyekwisha kuchoka hahitaji kutishwa. Anahitaji ruhusa.

Na ruhusa hii haitoki kwa urahisi. Kati ya insha nilizosahihisha, mvulana mmoja aliandika kuhusu mchezo wa kandanda wa rununu aliouacha, akasema wenzake wa kilimani walimwita "mzee" kwa mwezi mzima, na kwamba mara mbili aliupakua tena ili tu apate la kuzungumza njiani. Msichana mmoja aliandika jambo lililonifanya niweke kalamu chini. Yeye na rafiki yake walikuwa na mfululizo wa kutumiana picha kila siku bila kukosa, wamefikisha siku mia mbili na ushei. Nyanya yake akafariki. Siku ya mazishi akasahau, mfululizo ukakatika. Aliandika kwamba kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa nafuu, kisha akaona haya kwa kuhisi nafuu siku ya matanga, na rafiki yake alikasirika na hajamwambia ukweli hadi leo. Nilimpa alama kumi na nane kwa ishirini. Lugha yake ilikuwa na makosa. Sikujali.

Yuko mwingine aliyeandika kuhusu ule mchezo wa ndege inayopaa na fedha kuongezeka hadi inapotoweka ghafla. Huyo hakuuacha, aliandika jinsi alivyouza kuku wa mamaye. Simjadili hapa, kwa kuwa ule si mchezo, ni kamari, na sheria yetu haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuikaribia. Nilimwita pembeni na jambo lake tunalishughulikia pamoja na mzazi. Nimemtaja ili asije mtu akadhani nayachanganya haya mawili. Anayechoka na mchezo ana bahati. Kamari haichoshi, humaliza.

Wala sitaki nieleweke kwamba kila anayecheza sharti aache. Tunaye Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, Mkenya aliyeifanya Tekken kuwa ufundi wake hadi akasajiliwa na timu ya Marekani mwaka wa 2018. Kama mtu bado anakua ndani ya mchezo wake, na akae. Swali langu ni kwa yule aliyekwisha kuondoka moyoni na mwili umebaki umekaa juu ya jiwe.

Kwake nina swali moja nililoliokota kwa gharama ya miezi mitano. Asijiulize, "Je, mchezo huu ni mbaya?" Swali hilo lina majibu mengi na mengi ni ya kujitetea. Ajiulize, "Kama ningeonyeshwa mchezo huu leo kwa mara ya kwanza, ningeuanza?" Nilipojiuliza hivyo, jibu lilikuja kabla sijamaliza swali. Kilichokuwa kinanizuia ni hesabu ya miaka mitatu na nusu: kuta zangu, askari wangu, cheo changu. Lakini miaka ile ilikuwa imekwisha kutumika, na maji yakimwagika hayazoleki, hata uyalinde mchana kutwa.

Kuna aliyefanya kubwa zaidi ya hilo. Dong Nguyen, kijana wa Vietnam, aliunda peke yake mchezo mdogo uitwao Flappy Bird, wa ndege anayepita kati ya mabomba. Aliutoa mwaka wa 2013, na mwanzoni mwa 2014 ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza katika nchi nyingi, ukimwingizia, kwa mujibu wa yeye mwenyewe, takriban dola 50,000 kwa siku kutokana na matangazo. Februari 2014 aliuondoa madukani kwa hiari yake, na baadaye akaeleza kwamba watu walikuwa wameuzoea kupita kiasi na maisha yake mwenyewe hayakuwa na utulivu tena. Wengine walimwita mwendawazimu. Mimi nikikumbuka jinsi nilivyoshindwa kuacha cheo cha unaibu kisicholipa hata senti, humwona mtu mwenye nguvu za ajabu.

Sasa neno kwa walimu wenzangu. Mwanafunzi akikujia na kusema ameuacha mchezo fulani, tafadhali usiseme, "Si nilikwambia!" Nimelisikia neno hili likitoka vinywani mwetu, pamoja na kinywa changu, na nimeona linavyofanya kazi: kijana anaona kwamba kuacha kwake kumekuwa ushindi wa mwalimu, na kwa vile hakuna kijana anayependa kuwa nyara, anarudi kilimani. Mwulize tu ulikuwa mchezo gani na alifika wapi. Msikilize kama unavyomsikiliza mtu anayesimulia mji aliowahi kuishi.

Wala tusiwaahidi mambo. Vitabu vya mawaidha hudai kwamba aachaye mchezo mara huwa wa kwanza darasani. Mpwa wangu alipoacha, alama zake za Hisabati hazikupanda hata moja. Mimi nami wiki za kwanza sikufanya lolote la maana. Mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe saa tatu za usiku, ukakuta hakuna linalonihitaji, ukarudi. Nililala mapema. Nililisikia jua la Soin likizama, yaani nilisikia ng'ombe wakirudi na wanawake wakiitana kisimani, sauti ambazo bila shaka zilikuwapo miaka yote mitatu na nusu. Siku niliyowaaga, wawili katika ukoo waliniandikia, "Kwaheri Mwalimu." Watatu waliuliza ni nani atakayeishika nafasi yangu katika vita vya Jumapili. Kesho yake, nilivyoambiwa na yule muuza vipuri wa Kisii, ambaye hata sasa tunajuliana hali, mtu mwingine alikuwa ameketi pangu. Iliniuma kidogo, na ilinipumzisha zaidi.

Insha zote nilizirudisha Ijumaa ya mwisho kabla ya kufunga shule. Jioni hiyo yule mwenzangu wa makamo, aliyeidharau mada yangu, alibaki nyuma katika chumba cha walimu wengine walipokwisha kuondoka. Aliomba asome mbili tatu. Akasoma ile ya msichana wa siku mia mbili, akairudia. Kisha akatoa rununu yake, akanionyesha mchezo wa kupanga peremende za rangi rangi. Alikuwa katika ngazi ya 4,112.

"Nilianza mwaka ambao mke wangu alilazwa hospitalini," akaniambia. "Alipona zamani."

Kengele ikalia. Akaitazama rununu, akaitia mfukoni bila kuizima, akachukua kofia yake na kwenda kusimamia zamu ya jioni.